Watoto katika Njia ya Mombasa

Mji wa kale ni mfano wa mzee aliyeona mengi: hafahamiki kwa salamu ya mlangoni. Watu wengi waendao Mombasa pamoja na watoto wao hudhani kwamba historia huanza pale wanapofika mbele ya Ngome ya Yesu, na kwamba safari iliyowafikisha hapo ni usumbufu tu wa vumbi, joto na kichefuchefu, ambao hauna budi kuvumiliwa ili wafikie jambo lenye maana. Dhana hiyo yaweza kusameheka kwa mgeni aliyeshuka melini. Kwa mtoto wa Voi, wa Mwatate, wa Wundanyi au wa Taveta haifai hata kidogo, kwa sababu njia imtoayo kwao hadi pwani ni ya kale, na miongoni mwa waliopita juu yake kabla yake wamo mababu zake mwenyewe, baadhi yao wakiwa watoto wadogo kama yeye.

Jambo hili lakuhusu wewe kijana usomaye shule ya sekondari kuliko unavyodhani. Wazazi wanapofunga safari na watoto wadogo, mara nyingi kijana mkubwa ndiye akaaye katikati ya wadogo zake. Baba ameshika usukani, au kama ni basi, amesinzia kwa uchovu wa kazi za juma zima. Mama amempakata mtoto mchanga. Maswali yote huanguka juu ya kijana. Mlima ule waitwaje? Nani alitandika reli hii? Mbona hapa hapana nyumba? Akijibu "sijui" mara tatu, mdogo wake hunyamaza na kulala. Naye akiamka mjini, huamini kwamba kati ya kwao na Mombasa hapakuwa na kitu. Insha hii imekusudiwa kumpa kijana huyo baadhi ya majibu.

Tuanze na Voi yenyewe. Mapokeo husema kwamba jina la mji huu latokana na Kivoi, Mkamba mashuhuri aliyekuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilishuka hadi Mombasa na kupumzika kando ya mto wa hapa. Kivoi hakuwa mtu wa ngano. Mwaka 1849 alimpokea nyumbani kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na ni katika safari hiyo Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Basi mtoto aulizaye asili ya jina la mji apewe kwanza habari hii: kabla Mzungu hajawa na ramani ya nchi, wafanyabiashara Waafrika waliijua kutoka Ukambani hadi baharini, wakajua mahali pa maji na mahali pa hatari, na wageni wa kwanza walifuata njia ambazo nyayo za wenyeji zilikwisha kuzisawazisha.

Mji kama tunavyouona leo uliletwa na reli. Chuma cha kwanza kilitandikwa Mombasa mwaka 1896. Kabla mwaka 1897 haujaisha, reli ilikuwa imefika Voi, na mwaka 1901 ikafika ziwani mahali paitwapo Kisumu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na wapatao 2,500 kati yao walifariki. Hapa watoto hupenda kuuliza habari za simba wa Tsavo. Waambiwe kweli, lakini waambiwe pia kwamba simba wale wawili, waliopigwa risasi na mhandisi Patterson mwezi wa Desemba 1898, walisumbua kambi za daraja la mto Tsavo, upande wa kwenda Nairobi, wala si katika njia ya kwenda Mombasa, na kwamba maradhi yaliua wafanyakazi wengi kuliko meno ya simba. Hadithi ya kutisha hupendeza masikio, lakini kazi ya historia ni kupima.

Tangu mwaka 2017 kuna reli nyingine, pana kuliko ile ya kwanza, nayo pia ina stesheni yake Voi. Hata hivyo jamaa nyingi zenye watoto hupenda barabara, kwa kuwa gari husimama palipo na haja, na mtoto mdogo ana haja nyingi. Umbali ni kilomita 150 na kitu. Atokaye alfajiri hufika kabla jua halijawa kali, ikiwa malori ya bandarini hayakuzuia njia. Yafaa kuchukua maji ya kutosha na chakula kisichochafuka upesi, kama ndizi, mahindi ya kuchemsha au kimanga kilichofungwa vizuri. Hayo ni mambo madogo, lakini mtoto mwenye kiu hana sikio la historia. Nasi tutaona baadaye kwamba kiu yenyewe ni sura kubwa katika historia ya njia hii.

Kabla gari halijauacha mji, mtoto na atazame upande wa kusini aone mlima mrefu uliojilaza kama ng'ombe aliyeshiba. Huo ni Sagalla, ambao wasafiri wa zamani waliuita Ndara. Watu wa misafara walipotoka pwani walivuka nyika kavu kwa siku kadhaa, na mlima huu ulikuwa kwao kama kisiwa kwa baharia: palikuwa na maji, na palikuwa na watu waliolima mahindi, maharagwe, miwa na ndizi, wakayauza kwa nguo na shanga. Kutoka hapa misafara mingine iliendelea magharibi hadi Taveta, kwenye msitu wa mto Lumi, mahali palipojulikana na kila mfanyabiashara wa pwani kwa usalama na wingi wa chakula. Joseph Thomson, Mskochi aliyekwenda nchi ya Wamasai mwaka 1883, alipita njia hii pamoja na wapagazi wake kutoka Rabai, Taru, Maungu na Ndara, akafika Taveta akapumzika huko. Mwaka huo huo wa 1883 wamisionari wa Kiingereza walianza kituo chao Sagalla.

Muda mfupi tu baadaye likatokea jambo ambalo wazee hawakulisahau. Katika miaka ya 1880 mvua zilikosekana, na njaa kubwa ikaingia milimani, njaa ambayo Wataita waliipa jina la Mwakisenge. Watu walikufa majumbani na njiani. Jamaa nzima zilishuka milimani zikashika njia hii hii ya pwani kutafuta chakula, mama amembeba mtoto mgongoni, na wakubwa wakijikokota nyuma yake. Katika njaa za namna hiyo, miongoni mwa Wataita na miongoni mwa jirani zao wa nyika, wazazi wengine walilazimika kuwaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka. Kwa desturi mtoto wa rehani alikuwa wa kukombolewa mvua zikirudi. Lakini mara nyingine mkombozi alikwisha kufa, au mwenye nafaka aliikana ahadi, na mtoto akapotelea utumwani, asirudi tena kwao.

Pengine utauliza: je, habari kama hii yafaa kuambiwa mtoto mdogo aendaye kutembea na kufurahi? Wako watu wenye busara wasemao kwamba haifai. Husema kwamba utoto ni mfupi, na huzuni itamjia mtu kwa wakati wake bila kuitwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini tufikiri upande wa pili. Mtoto hudhurika anapotishwa bila kuelezwa. Anapoelezwa kwa kiasi, na mtu ampendaye, akiwa ameshiba na amekaa salama, hupata nguvu. Mwambie mtoto wa miaka sita kwamba zamani mvua haikunyesha, watu wakawa na njaa, wakaenda mbali kwa miguu kutafuta chakula, na wengine wakarudi wakalima tena, nasi ni wajukuu wa wale waliorudi. Hayo yamtosha. Mambo ya rehani na utumwa atayapokea akiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Kosa liko katika kumwacha akue akidhani kwamba maisha ya wazee wake yalikuwa ngoma na mavuno tu, au kwamba hawakuwa na maisha yo yote yafaayo kusimuliwa.

Baada ya Voi njia hufika Maungu. Zamani Maungu palikuwa mahali pa kuogopwa, kwa kuwa msafara ulifika hapo umechoka na maji yalikuwa haba. Upande wa kusini, mbali kidogo na barabara, waonekana mlima mmoja peke yake, mwinuko wake mkali kama ukuta. Ni Kasigau, ambao katika vitabu vya kale huitwa Kadiaro. Johann Rebmann, mwenzake Krapf, alifika huko mwaka 1847, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kubwa ya bara. Lakini watu wa Kasigau wana kumbukumbu nyingine, iliyo karibu zaidi nasi na iliyo chungu zaidi.

Vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi ya Taita na Taveta ilijikuta imesimama mpakani, kati ya Waingereza na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti mwaka huo. Vikosi vyao vidogo vilipenya porini usiku vikaja kuharibu reli. Mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia adui. Hapakuwa na hukumu ya kumtenga mwenye hatia na asiye na hatia. Nyumba zilichomwa moto, na watu wote, wazee, wanawake na watoto, walihamishwa wakapelekwa Malindi. Watu waliozoea hewa ya baridi ya mlimani waliwekwa katika joto na mbu wa pwani, na wengi walikufa kwa homa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Mtoto aliyeondoka Kasigau amebebwa mgongoni, kama alijaliwa kuishi, alirudi akiwa mtu mzima, na mlima wake akauona kama mgeni.

Vita hiyo iliacha alama nyingine ambazo jamaa itokayo upande wa Taveta huzipita kabla ya kufika Voi. Reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau kuelekea Taveta. Na katika kilima cha Salaita, mwezi wa Februari 1916, majeshi ya Waingereza yalishambulia yakarudishwa nyuma kwa hasara. Makaburi ya askari yako Taveta, Maktau na Voi, yamepangwa kwa mistari na kuandikwa majina. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika waliochukua mizigo ya jeshi na kufa kwa njaa na maradhi hawakuandikwa hivyo. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa iitwayo Kariakoo. Basi mtoto akifika Mombasa akaonyeshwa zile sanamu za askari zilizosimamishwa mjini mwaka 1927, na aambiwe kwamba sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa karibu na kwao, katika mashamba na mapori anayoyajua.

Tukiendelea na njia, twaingia katika nyika ya Taru. Siku hizi gari hupita hapa kwa muda mfupi, na abiria hufunga dirisha kwa ajili ya vumbi. Mtu wa miguu aliyechukua mzigo wa kilo 30 kichwani hakuwa na dirisha la kufunga. Maji ya Taru yalikuwa yale tu yaliyobaki katika mashimo ya miamba baada ya mvua. Msafara uliotangulia ukiyamaliza, unaofuata uliyakuta makavu. Ndiyo sababu misafara ilitembea usiku, na ndiyo sababu kiongozi aliyeyajua mashimo hayo aliheshimiwa kama nahodha. Jina la mahali pengine mbele ya hapo, Maji ya Chumvi, latosha kuonyesha kwamba hata palipopatikana maji, si kila mara yalinyweka. Mtoto akidai maji hapa, mpe. Kisha mwambie habari hiyo. Hataisahau, kwa kuwa ameisikia kwa ulimi wake kabla ya kuisikia kwa masikio.

Katikati ya nyika hiyo pako mahali paitwapo Mackinnon Road. Jina ni la William Mackinnon, mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kutawala mwaka 1888. Kampuni ilianza mwaka 1890 kulima barabara ya mikokoteni kutoka pwani kuelekea Kibwezi. Kampuni ilikwisha, jina likabaki. Hapo pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjabi aliyefanya kazi ya reli, ambaye watu husimulia kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa dini mbalimbali wamekuwa wakisimama hapo kuomba safari njema. Mtu anaweza kuamini habari ya karai au asiiamini. Lakini ajabu moja ni ya hakika, nayo ni kwamba katika maelfu ya vibarua waliojenga reli na kusahauliwa, mmoja amekumbukwa zaidi ya miaka 100, na aliyemkumbuka si serikali bali ni wasafiri wenyewe.

Njia ikipita Samburu na Mariakani, ardhi huanza kuvaa kijani, minazi huonekana, na upepo hubadilika. Kutoka Mazeras barabara ndogo hupanda kwenda Rabai. Jamaa yenye nafasi isipite bila kugeuka huko, kwa sababu Rabai ni kama mlango ambao milima ya Taita na mji wa Mombasa hukutania. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaweka kituo Rabai. Kutoka hapo Rebmann aliondoka mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara mwenye uzoefu mkubwa, akapita Taita, na tarehe 11 Mei akauona Kilimanjaro na theluji yake. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wa Ulaya walioketi vyumbani mwao waliikataa, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Kumbe mtoto ye yote wa Taveta, akiamka asubuhi isiyo na mawingu, aliweza kuwasahihisha.

Rabai tena palikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani. Wenye watumwa waliwadai, na palikaribia kumwagika damu. Mwanzo wa mwaka 1889 Kampuni ililipa fidia, na watumwa zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru wao hapo Rabai. Hapo ndipo mtoto mkubwa aelezwe kuhusu wale wa rehani tuliowataja. Njia iliyowapeleka watu utumwani ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuwa na kituo cha uhuru, na umbali kati ya mambo hayo mawili haukuwa mkubwa wa maili wala wa miaka.

Hatimaye gari huvuka Makupa, na kisiwa kinaanza. Mambo ya Mombasa ni mengi kuliko siku moja ya mtoto. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaiona misikiti yake. Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498 asipokewe vizuri. Wareno waliiteka na kuichoma moto mwaka 1505. Ngome ya Yesu walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kumimina tarehe hizo zote juu ya mtoto wa miaka saba ni sawa na kumnywesha maji kwa bomba la zimamoto. Afadhali aelezwe kisa kimoja, cha mtoto mwenzake.

Sultani Hasan wa Mombasa aligombana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, mtoto wa umri wa miaka kama saba, alichukuliwa akapelekwa Goa katika Bara Hindi. Huko alilelewa na watawa, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, akafundishwa lugha na silaha za Wareno. Mwaka 1630 alirudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao, wakiamini kwamba wamemfinyanga upya. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapiteni wa Wareno, akaitwaa ngome, akarudia jina lake na dini ya wazazi wake. Damu iliyomwagika siku zile ilikuwa nyingi, na wengi waliouawa hawakuwa na silaha. Tusimfanye kuwa malaika. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaenda zake baharini. Lakini kisa chake chaonyesha jambo moja waziwazi: waliomchukua mtoto walidhani kwamba kumbukumbu ya mtoto ni mchanga ufutikao kwa wimbi moja. Walikosea, na kosa lao lilikuwa na gharama kubwa.

Ndani ya ngome mtoto na aonyeshwe vitu vichache avielewavyo: michoro ya merikebu na watu iliyochorwa ukutani na Wareno, mabaki yaliyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na kuta ambazo nyuma yake Wareno, pamoja na wenyeji wa pwani waliowaunga mkono, na wanawake na watoto, walizingirwa na Waomani tangu mwaka 1696 hadi 1698, wakafa wengi kwa njaa na tauni. Mtoto wa milimani aliyekwisha kusikia habari za Mwakisenge atafahamu maana ya njaa ya ngomeni bila mwalimu. Aambiwe pia kwamba kutoka mwaka 1895 mpaka 1958 ngome ilikuwa gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia. Jengo lililofunga watu sasa hufungua macho yao.

Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, karibu na Kongowea, iko kengele ya Freretown. Mji huo uliasisiwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na wengi wao walikuwa watoto ambao hawakuweza hata kutaja walikotoka. Walifundishwa kusoma na kufanya kazi, wakaoana, wakawa jamaa mpya. Kengele ndogo hiyo haina fahari ya ngome. Lakini katika mji mzima huenda pasiwepo kitu kimgusacho mtoto zaidi ya habari ya watoto waliookolewa baharini.

Yabaki jambo moja, nalo hupatikana katika bilauri ya maji. Mtoto akinywa maji Mombasa, aulizwe yatoka wapi. Sehemu ya maji hayo hutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo, ndani ya nchi ya Taita Taveta. Bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950, nalo hushuka kwenda pwani kupita katika nyika ile ile ambayo wapagazi waliivuka ndimi zao zimekauka. Hivyo mji wa historia hunywa maji ya milima ambayo historia yake haiandikwi sana. Mwenye kufahamu hilo hawezi tena kuingia Mombasa kama ombaomba wa elimu, aliyekuja kupewa habari za watu wengine. Huingia kama mtu mwenye hisa.

Wataita wa kale walihifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango milimani, kila ukoo na mahali pake, ili waliotangulia wasisahauliwe na waliofuata. Desturi hiyo imekoma, na wengi wetu tungeogopa kuingia katika mapango hayo. Lakini haja iliyowafanya watende hivyo haikukoma, na mwenye kuitimiza leo ni yule akumbukaye kwa maneno. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba asiyejua kwao yu karibu kuwa hivyo, kwa maana hana cha kukataa wala cha kukubali. Mtoto mdogo hawezi kwenda maktaba. Yeye hutazama dirishani na kuuliza. Wewe uliyepata kusoma ndiwe maktaba yake kwa muda wa kilomita 150. Jifunze kabla ya kuondoka mambo manne au matano ya kweli, uyaeleze kwa ufupi, na palipo na huzuni usiifiche wala usiizidishe. Siku moja mtoto huyo atakuwa baba au mama, atapita Maungu na wanawe, nao watamwuliza jina la mlima ule uliosimama peke yake upande wa kusini.